Diski za Mzaliwa wa Kwanza

Klak.

Sauti moja tu, kavu, ikatoka juu ya kabati, na Zulai akafumbua macho gizani. Hakuuliza ni nini. Ulikuwa usiku wa nne tangu kompyuta ya marehemu mwanawe ianze kufungua kinywa chake cha diski yenyewe, bila umeme, na betri yake ilikwisha kufa zamani. Akainuka, akapanda juu ya kigoda, akakisukuma kile kisahani ndani kwa kidole kimoja. Kidole kikabaki na harufu ya dawa ya kuchua kifua. Akakifuta kwenye nguo yake, akakifuta tena, kisha akalala chali akingoja adhana ya alfajiri.

Asubuhi, uani kwao pale Gwale, mjini Kano, vumbi la kipupwe lilikuwa limeshatanda hewani na kosai, zile bajia za kunde, zilikuwa zinatoka mafutani. Hakuna aliyezungumzia usiku. Gwaggo Hansatu, dada mkubwa wa marehemu mume wa Zulai, alikuwa ameketi kwenye mkeka wake wa kila siku, akitafuta mtu wa kuanza kumtania.

"Sagiru," akamwambia mwana wa Zulai, fundi wa kompyuta, "nasikia soko zima la kompyuta wanakuita daktari. Hii ya nyumbani kwako imekushinda?"

"Haijanishinda, Gwaggo. Inataka diski zake za kuirudisha upya."

"Diski unazo za kutosha kuezekea msikiti."

"Ninazo, lakini si zake. Kila mashine na zake, aina ile ile, namba ile ile ya kibandiko cha chini. Na kibandiko kimefutika. Nimejaribu kumi na moja. Hata nikiipa za aina inayokaribiana nayo, inazitema. Inaandika, diski hii si ya kompyuta hii."

"Basi ina adabu kukushinda. Wewe unakula chungu chochote kitakachofunuliwa."

Rakiya, mtoto wa mwisho, akacheka mpaka uji ukampalia. Alikuwa na miaka kumi. Kompyuta ilishushwa kwa ajili yake, ajifunzie masomo ya shule, na tangu siku ya kwanza ilikuwa inawaka hadi katikati na kuganda kwenye giza lenye mistari miwili ya maandishi meupe.

"Kaka lazima alizitengeneza mwenyewe," Sagiru akaendelea. "Mashine hizi zikiwa mpya humwambia mwenyewe atengeneze diski zake mara moja, azihifadhi. Watu hawafanyi. Kaka angefanya. Inna, hukuziona popote?"

"Sijaziona," Zulai akasema, na akaangalia ndani ya bakuli lake.

Alikuwa anazo. Zilikuwa chini kabisa ya sanduku lake la nguo, chini ya vitambaa vya harusi ambavyo hakuwahi kuvishona: diski tatu ndani ya bahasha ya khaki, moja, mbili, tatu, zimeandikwa kwa wino mweusi na mkono uliokuwa umeanza kutetemeka. Marehemu alimpa siku moja kabla ya kupelekwa hospitali. "Inna, nitunzie," alisema, akaziweka kizingitini, kwa sababu alijua mama yake hatanyoosha mkono kupokea kitu kutoka kwake watu wakiona.

Ndivyo walivyolelewa. Mtoto wa kwanza humtazami. Akilia, mwingine humbeba. Akianguka, unageuza uso, na moyo wako ndio unaokwenda kumwinua. Akiacha ziwa huchukuliwa na shangazi au bibi, na jina alilosomewa siku ya saba wewe mama hulitamki, si kwa kumwita, si kwa kumwombea kwa sauti, si hata kwa kumtaja mbele ya wageni. Hiyo ndiyo haya, na mwanamke asiye na haya watu humsema mpaka kaburini. Wengine walikuwa wanalegeza siku hizi. Zulai hakulegeza. Gwaggo Hansatu alimlea mtoto yule, na Zulai, kwa miaka ishirini na sita, alimwita "wewe," au "yule," au alipiga kofi moja kumwashiria, na watu wote wa mtaa wakamsifu.

Sasa angesemaje kwamba anazo? Mama aliyeficha vitu vya mzaliwa wake wa kwanza chini ya vitambaa vyake vya harusi, akavitoa usiku na kuvinusa. Gwaggo angesikia. Heri Sagiru azunguke soko.

Na Sagiru akazunguka. Siku ya tano alirudi na diski za fundi wa Katsina, siku ya sita za mzee mmoja aliyekuwa akiuza mashine hizo zilipokuwa mpya, na zote zikatemwa. Zulai alikuwa anatazama tu na hafanyi kitu, na kila diski iliyotemwa ilimchoma mahali pamoja.

Alasiri ya siku ya saba alikuwa jikoni anasonga ugali wa tuwo. Akapaza sauti. "Rakiya!"

"Naam, Inna," ikajibu kutoka chumbani.

"Niletee kuka, ule unga wa majani ya mbuyu, uko kwenye kikapu nyuma ya mlango."

Hakuja mtu. Akaita tena. "Naam, Inna," ikajibu tena, kwa upole, sauti nene kidogo, kama ya mtu aliyepigwa na baridi kifuani. Wakati huohuo Rakiya akaingia kwa mlango wa nje, kitabu cha chuo kichwani, vumbi miguuni.

"Uliniita, Inna? Nimesikia tangu kwa kina Ladi."

Mwiko ukabaki ndani ya sufuria. Zulai akaenda mpaka mlango wa chumba. Hapakuwa na mtu. Kompyuta ilikuwa juu ya kabati, kifuniko kimefungwa, kisahani kimechomoza, na harufu ya dawa ya kuchua ilikuwa nzito kiasi kwamba macho yalimtoka machozi, dawa ile ile ambayo Gwaggo alimpaka mgonjwa usiku na mchana huku yeye mama yake akiwa amekaa kwenye benchi la mbali, mgongo ukutani, akihesabu vigae vya sakafu.

Alijaribu tena kesho yake, kwa hofu, kama mtu anayegusa jino bovu. Aliita "Sagiru" akijua Sagiru yuko sokoni. "Naam, Inna." Aliita jina la paka. "Naam, Inna." Lolote aliloita, liliitikiwa.

Baada ya hapo Rakiya akaacha kuitika. Mwanzo walidhani ni utundu. Akawa anakaa chumbani mbele ya kioo cheusi cha kompyuta, ambayo hakuna aliyemwona akiishusha, mikono juu ya mapaja, na ukimwita hageuki.

"Mwanangu, huna masikio?" Zulai akamuuliza.

"Nikitaka kuitika, kuna mwingine ananitangulia, Inna. Anasema mimi nimeitwa sana. Anasema sasa ni zamu yake."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Kesho yake hakusema kitu, hakula, na alipolazwa kitandani aliamka akaenda kukaa palepale. Viganja vyake vilikuwa baridi kama mtungi. Siku ya tatu midomo ikaanza kupasuka kwa kiu, na maji yakitiwa kinywani yalitiririka nje. Zahanati walisema ni malaria, wakampa sindano. Gwaggo Hansatu, ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika, alikuwa akizunguka ua na tasbihi bila kumtania mtu.

Sagiru akamleta Malam Habu, mwalimu wa Kurani, adhuhuri ya Alhamisi, mzee mfupi, mpole, aliyesugua miguu yake kwenye mkeka kabla ya kuingia kana kwamba amealikwa chakula. Alisoma kwa muda mrefu, mkono wake ukiwa juu ya utosi wa mtoto, na uani kuku wakanyamaza, na jirani aliyekuwa akitwanga akaacha kutwanga, na katika utulivu ule mdomo wa Rakiya ukafunguka na ikatoka sauti ya mwanamume mwenye kifua kibovu, sauti ambayo kila mtu mle chumbani aliijua na hakuna aliyethubutu kusema kwamba anaijua.

"Mimi si yeye," ikasema. "Yeye amelala, msimsumbue."

"Wewe ni nani?" Malam akauliza.

"Karini wake, jini pacha wake. Tulizaliwa usiku mmoja, yeye nje, mimi pembeni yake. Alipokuwa hai nilikaa naye, alipokufa nilikaa ndani ya alichokishika zaidi. Miaka ishirini na sita nimesikia mwanamke huyu akiita watu. Aliita watoto. Aliita mbuzi. Sisi hakutuita."

Zulai akavuta mtandio wake ukafunika uso wote.

"Unataka nini kwa mtoto?" Malam akauliza.

"Sitaki kitu. Nimechoka kungoja jina langu. Nimechukua la huyu."

Mdomo ukafunga. Malam Habu akafuta jasho, akamgeukia Sagiru. "Wewe ni mtu wa vyombo hivi. Kuna njia ya kukirudisha siku yake ya kwanza, kabla hakijakaliwa na mtu?"

"Ipo, Malam. Ndiyo hiyo nimekuwa nikiitafuta. Diski zake hazipo."

"Tafuta tena. Nyumba akiikosa, atalegea. Lakini ufanye haraka. Mtoto huyu hatafika Jumapili."

Sagiru akaketi chini, kichwa mikononi. "Nimemaliza Kano nzima, Malam," akasema. "Kano nzima."

Ndipo Zulai akainuka. Alitembea hadi kwenye sanduku, na kila hatua alihisi macho ya wifi yake mgongoni kama mtu anayehisi jua. Akatoa nguo moja moja. Akatoa vitambaa vya harusi. Akatoa bahasha, na bahasha ile ilikuwa imelainika kama ngozi kwa kushikwashikwa, kila mtu angeweza kuona hivyo. Akaiweka mbele ya Sagiru bila kumtazama.

Sagiru akazitazama zile namba. "Inna. Wiki mbili."

"Najua."

"Wiki mbili ninazunguka na unaniangalia."

"Najua, mwanangu. Niliona aibu."

Gwaggo Hansatu alifungua mdomo, na Zulai akakaza mabega kungoja kofi la maneno. Lakini Gwaggo alisema tu, "Weka diski, Sagiru. Mtakuja kugombana baadaye."

Jenereta ikawashwa. Diski ya kwanza ikaingia, na kwa mara ya kwanza mashine haikutema. Ilinguruma kwa ndani, ikaimeza. Mstari mwembamba ukaanza kujaa kwenye kioo. Kila ulipojaa ndivyo Zulai alivyofahamu kinachofutwa: picha zake, barua zake, masomo yake yote, na hakuna aliyezisoma. Diski ya pili. Harufu ikapanda hadi Malam akaziba pua. Diski ya tatu, na mstari ukafika mwisho, kioo kikageuka buluu safi, na maandishi yakatokea.

"Inasemaje?" Gwaggo akauliza.

"Kitu cha kawaida," Sagiru akasema. "Inauliza jina la mwenyewe." Akaandika la Rakiya. Herufi zikafutika moja moja, kutoka mwisho kwenda mwanzo. Akaandika lake. Zikafutika. Akatazama kando, akaandika la kaka yake, na hilo nalo likafutika, polepole zaidi, kama mtu anayekataa zawadi bila kutaka kumuudhi mtoaji.

"Sio kwa mkono," ikasema sauti kinywani mwa Rakiya. "Na sio wewe. Yeye."

Malam Habu akashusha tasbihi. "Mama, sikiliza. Akiitwa kwa jina lake, atalifuata lake atoke, na la mtoto ataliacha. Mimi siwezi kumwita kwa niaba yako. Gwaggo hawezi. Kuna mmoja tu anayengojwa."

Zulai akafungua kinywa, na kinywa kikakataa. Alikuwa ameshawahi kusimama mahali hapa. Ilikuwa wodini, saa za wageni, ndugu wa mumewe wamejaa pande zote za kitanda na makopo ya chakula magotini, na yule mgonjwa, ambaye wakati huo alikuwa amebaki mifupa na macho, alimtafuta kwa macho hayo mpaka akamwona kwenye benchi la mbali, akasema mbele ya wote, kwa pumzi iliyokuwa imebaki, "Inna, niite mara moja tu," na wale ndugu wakageuka wakamtazama yeye, na yeye, badala ya kumtazama mwanawe, aliwatazama wao, akaona haya, akatabasamu kidogo kama mwanamke aliyeambiwa jambo lisilofaa, akainamisha kichwa. Na alipokiinua, Gwaggo alikuwa anafumba macho ya marehemu kwa vidole viwili.

Hakuna aliyemlaumu. Walimsifu. Kwenye matanga walisema, huyo ndiye mwanamke.

"Wifi," akasema sasa, sauti yake ndogo, uso ndani ya mtandio. "Toka nje kidogo. Nakuomba."

"Sitoki," Gwaggo Hansatu akasema. "Siku ile nilikuwepo. Kama ungemwita siku ile nisingekusema, Zulai. Wallahi nisingekusema. Nimekaa mwaka mzima nikijiuliza uliniogopa mimi."

"Nilikuogopa wewe."

Gwaggo akalia kimyakimya, machozi tu, bila sauti. Mbele yao Rakiya alikuwa anapumua kwa shida, kifua kinakwama na kuachia, kinakwama na kuachia, kama kile cha wodini, na kati ya pumzi moja na nyingine nafasi ilikuwa inarefuka.

Zulai akavua mtandio. Kichwa wazi, mbele ya Malam, mbele ya mwanawe, mbele ya dada wa mumewe, akapiga magoti karibu na kioo cha buluu hadi mwanga wake ukamjaa usoni, na uso ule ulikuwa unawaka kwa aibu kama uliopigwa makofi. Alilitafuta neno ambalo alikuwa amelisema mara elfu ndani ya kifua na kamwe si nje, na likapanda taratibu.

"Imrana," akaita. "Imrana. Mwanangu Imrana."