Kichupa Chini ya Godoro

Kila asubuhi kabla ya shule, na kila alasiri akirudi, Chiriku alikuwa na kazi moja ambayo hakukubali kunyang'anywa: kumtia Bibi dawa ya macho. Bibi alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na daktari alisisitiza asikose matone yake hata siku moja. "Njoo, mke mwenzangu, unitie yale machozi ya dukani," Bibi alizoea kusema, huku akilaza kichwa kwenye mto na kufumbua jicho kwa vidole viwili. Katika chumba cha mbele, Mama alishona sare za wanafunzi, na mlio wa cherehani yake ulisikika nyumba nzima.

Jina la Chiriku lilikuwa la utani, alilopewa kwa ajili ya mdomo wake. Tangu ajue kusema hakuwahi kulala na neno. Lakini kwa miezi mitatu sasa alikuwa amepoa, na nyumbani walidhani ni ukubwa unabisha hodi. Wangejua! Rafiki yake wa darasani, aliyeitwa Mapozi, alikuwa amemwonjesha vepu, yaani sigara ya umeme, nyuma ya vyoo vya shule.

"Ni mvuke tu huu, wala si moshi," Mapozi alimwambia. "Una ladha ya embe. Vuta, acha woga."

Alivuta kwa mzaha. Baada ya wiki chache mzaha uliisha, vepu ikabaki. Asipovuta, kichwa kilimgonga, hasira zilimpanda bila sababu, na hesabu za ubaoni hazikumwingia. Mapozi alimwachia kifaa chake cha zamani, lakini maji ya kuvuta yalikuwa ghali kwa mtoto wa shule.

Ndipo Chiriku alipojiona mjanja kuliko wote. Aliyachukua maji ya vepu yaliyobaki, akayazimua kwa maji ya bomba na glisirini ambayo Mama hupaka miguuni. Mchanganyiko huo akautia kwenye kichupa kitupu cha dawa ya Bibi, kwa kuwa kilikuwa na mdomo mwembamba wa kutonesha, kisha akakificha chini ya godoro. Yatanitosha muda mrefu, aliwaza, na sumu yenyewe nimeipunguza. Kumbe wapi! Alipovuta hakutosheka, akavuta tena na tena. Kifua kilianza kumwasha, na usiku alikohoa ndani ya mto ili asisikike. Alijaribu kuacha mara mbili, na mara zote mbili hakufika jioni. Amwambie nani? Mapozi angemcheka. Mama angewaka. Na Bibi, alivyokuwa akimsifu kwa majirani, hakuthubutu hata kumfikiria.

Alhamisi moja alirudi kutoka shule akakuta cherehani imenyamaza. Aliingia chumbani kwa Bibi. Bibi alikuwa amelala chali, na Mama ameinama juu yake, kichupa mkononi.

"Leo namtia mimi," Mama alisema. "Mchana niliona dawa imekwisha, nikawa nawaza nani ataniendea duka la dawa. Bahati nzuri nilipotandika kitanda chako nikakuta hiki. Dawa ya Bibi inafanya nini chini ya godoro?"

"Hicho kimepitwa na muda, Mama."

Mama alikigeuza akasoma. "Kimeandikwa mwakani."

"Basi kiliangukia uchafuni."

"Kifuniko kilikuwa kimekazwa vizuri."

"Nipe mimi basi! Mimi ndiye niliyezoea."

"Na mikono hiyo ya vumbi? Kanawe kwanza."

Bibi alicheka. "Mwachie mama yako leo, mke mwenzangu. Usiwe na wivu." Akalifumbua jicho lake lililopasuliwa, bado jekundu kidogo, akatazama juu bila wasiwasi wowote.

Mama alikiminya kichupa. Tone likaanza kuvimba mdomoni mwa kichupa. Chiriku alibanwa huku na huku, hana pa kupenyea. Akisema, ameumbuka. Asiposema, Bibi atapoteza jicho.

"Si dawa!" alipiga kelele, akaupiga mkono wa Mama. "Ni sumu! Ni maji ya vepu! Ni yangu mimi!"

Tone lilidondoka shavuni mwa Bibi. Mama alivuta jagi, akamgeuza Bibi ubavu, akamwosha shavu na jicho kwa maji safi tele. Kisha wote watatu wakaenda zahanati, kichupa kikiwa ndani ya mfuko.

Muuguzi alimsikiliza Mama akieleza, kisha akalichunguza jicho kwa tochi. "Halikuguswa," alisema. "Mshukuruni aliyepiga kelele." Akakiinua kichupa. "Nani alichanganya, na nini?"

"Mimi. Maji ya vepu, maji ya bomba na glisirini ya Mama ya miguuni."

"Kwa kipimo gani?"

"Nilikadiria tu."

"Hapo ndipo penye hatari. Nikotini ni sumu, hupenya hata kwenye ngozi. Na mapafu hayakuumbwa kuvuta maji ya bomba wala mafuta ya miguu. Ulidhani unapunguza madhara, kumbe umejiongezea." Akamtazama usoni. "Unavuta mara ngapi kwa siku?"

Chiriku alitaka kusema mara mbili. Uongo ulimfika mdomoni, akaumeza. "Sina hesabu. Nataka kuacha, siwezi." Akaangua kilio.

Alingoja Mama awake. Badala yake Mama alimvuta kifuani, naye machozi yakimtoka.

"Utaweza, ila si peke yako," muuguzi alisema. "Uje kila Jumatatu."

Haikuwa rahisi. Wiki ya kwanza Chiriku aligombana na kila mtu, hata na cherehani. Wiki ya tatu alimaliza siku nzima bila kuvuta, na mwisho wa muhula aliweza kulala usiku kucha bila kukohoa. Mama alizungumza na wazazi wa Mapozi, naye akapelekwa kwa muuguzi, amenuna kweli kweli.

Jioni moja Chiriku aliketi kando ya Bibi. "Bibi, nisamehe."

"Nilishakusamehe, sasa unanichosha," Bibi alisema. "Ila nijibu jambo moja. Uliona tone moja la sumu linanijia, ukapiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Wewe umeivuta miezi mitatu, umenyamaza kimya. Kwa nini?"

Chiriku aliinamisha kichwa. "Niliogopa mtaniona mbaya."

"Basi sikiliza, mjukuu wangu. Sigara ilikushika, lakini kuficha ndiko kulikokufungia mlango. Siku nyingine ukijiona umo hatarini, jipigie kelele wewe mwenyewe kama ulivyonipigia mimi. Tutakuja mbio."