Pipa la Mama Ruguru

Kila asubuhi kule Timau, Kananu huosha ndoo za maziwa uani huku mfereji ukitiririka. Maji hutoka mlimani, baridi kama barafu, na hakuna ayaoneaye uchungu. Likizo ya Agosti ilipofika, shangazi yake Felicitas, ambaye ni mwalimu, alimwalika waende Mbeere kumtembelea rafiki yake wa tangu chuoni.

"Mbeere kuna nini, Shangazi? Si miiba tu?"

"Twende ukajionee."

Waliondoka kwa gari dogo la shangazi. Mashamba ya ngano yalibaki nyuma, wakapita Nkubu kwenye migomba na chai, kisha barabara ikaanza kuteremka. Kananu alivua sweta, halafu soksi. Udongo uligeuka mwekundu, na mizinga ya nyuki ikaonekana ikining'inia mitini. Waliposimama kuuliza njia, mzee mmoja aliacha jembe lake, akawaelekeza, kisha akawapa mapapai mawili.

Mwenyeji wao, Mama Ruguru, aliwakumbatia kama ndugu. Binti yake Ruguru, wa umri sawa na Kananu, alimwonyesha mgeni pipa lenye mfereji ili anawe vumbi. Kananu alinawa uso, akaosha miguu, akaosha hata viatu.

"Kananu, kimbia! Mbuzi anazaa!" Ruguru aliita kutoka zizini.

Kananu alitimua mbio, mfereji akauacha wazi. Waliporudi, walikuta matope na mbuzi wakilamba pipa tupu.

"Ruguru!" mama yake alifoka. "Maji ya siku tatu! Nani aliacha mfereji wazi?"

Ruguru aliinamisha kichwa. Alijua, lakini hakutaka kumwaibisha mgeni. Kananu angeweza kuwasingizia mbuzi, na nani angebisha? Akamtazama Ruguru akibeba kosa lisilo lake.

"Si Ruguru, Mama. Ni mimi. Naomba unisamehe."

Mama Ruguru aliufunga mfereji. "Haya. Mfungieni punda mitungi, mwende kisimani wote wawili."

Kisima kilikuwa mbali, ng'ambo ya vilima viwili.

"Mbona hukusema ni mbuzi?" Ruguru aliuliza njiani.

"Ningekutazama vipi machoni?"

Ruguru akacheka, akamfundisha kumwongoza punda. Kisimani palikuwa na foleni ndefu, lakini akina mama waliposikia Kananu ametoka Timau, walimpisha mbele na kumuuliza habari za baridi ya huko. Jua lilikuwa likielekea kutua waliporudi na mitungi minne iliyojaa. Miguu iliwauma, na bado walikuwa wakicheka.

Mama Ruguru aliipokea mitungi mmoja mmoja.

"Watu husema maji yakimwagika hayazoleki," alisema. "Ni kweli, lakini mmeteka mengine. Je, kama ungenidanganya, mwanangu, imani yangu kwako ningeiteka kutoka kisima gani? Mtu akikosa na aseme, kisha atengeneze. Sasa njooni mle. Pojo zinapoa."