Gari Lililovuta Pumzi Likiwa Limezimwa

Siku ile, ndani ya chumba cha kupimia magari, tulikuwa watu watano. Alikuwepo mume wangu, fundi wa umeme wa magari. Alikuwepo mkuu wake wa kazi, mzee mwenye kitambi ambaye gereji nzima ilimwita Kipimo, kwa sababu hakubali jambo mpaka alipime. Hata chai alikuwa anaitia kidole kwanza. Alikuwepo kijana mwenye gari, mpole, shati limepigwa pasi, ambaye alipewa kiti na hakukikalia. Nilikuwepo mimi. Na mgongoni kwangu alikuwepo mwanangu, ambaye wakati huo hajajua hata kukaa.

Nilikuwa nimempelekea mume wangu chakula cha mchana. Kwa kawaida naacha bakuli kwa mlinzi na kurudi nyumbani, lakini jua lilikuwa kali na Kipimo akaniona.

"Shemeji, utamuunguza mtoto huko! Ingia kivulini. Tena huyu bwana wako akila bila msimamizi anameza mpaka kijiko."

"Kijiko chenyewe uliazima wewe na hukurudisha," mume wangu akajibu, kichwa kikiwa chini ya boneti.

"Nilikirudisha."

"Ulirudisha uma, mzee."

Tulicheka wote isipokuwa kijana mwenye gari. Yeye alikuwa ananitazama nikihangaika kufungua kanga kwa mkono mmoja. Bila kuambiwa, alichukua jaketi alilokuwa amelishika, akalikunja vizuri, akalitandika juu ya meza ya pembeni.

"Mlaze hapa, dada. Hata akilitapikia, hakuna neno."

Lilikuwa jaketi jipya. Nilimlaza mwanangu juu yake, akapiga miayo, akalala.

Chumba kile ni boksi la zege. Sakafuni kuna magurudumu ya chuma. Gari hupandishwa juu yake, hufungwa mikanda, halafu hukimbizwa bila kwenda popote. Ukutani kuna feni kubwa. Dirisha hakuna. Mlango ni mmoja tu, wa chuma, wa kushushwa kutoka juu, na chini una mpira mnene ili kelele zisiwachoshe majirani.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la bluu. Nyuma ya viti lilifungwa mtungi wa naitrasi, ile gesi ambayo vijana wa mashindano hufungua ili gari liruke. Tatizo lake lilikuwa kwamba gesi ikifunguliwa, injini inakohoa na kukata. Mume wangu alikwishanieleza kazi hii nyumbani, kwa lugha ya jikoni. Kwenye bomba la kuingizia hewa kuna sensa, kiwaya chembamba kinachopima hewa inayopita. Sensa huiambia kompyuta ya gari, na kompyuta humimina petroli kulingana na hewa hiyo. Gesi ya naitrasi huingilia baada ya sensa, kwa hiyo sensa haiioni.

"Sensa ni wewe unayemhesabia mtoto vijiko vya uji," aliniambia. "Gesi ni mama yangu, anayemlisha kwa mlango wa nyuma."

Hesabu hizo mbili zisipopatana, injini inaungua. Kwa hiyo kabla ya kugusa gesi, walitaka kujua kama sensa inasema kweli.

Waliwasha swichi, injini wakaiacha imezimwa. Injini iliyozimwa haivuti hewa. Mstari wa sensa kwenye kompyuta ndogo ya mume wangu, iliyounganishwa na gari, ulipaswa kulala chini kabisa.

Haukulala. Ulipanda polepole. Ukashuka polepole. Ukatulia kidogo, kisha ukapanda tena.

"Sensa imekufa hiyo," Kipimo akasema. "Weka mpya."

Mume wangu akachana boksi la sensa mpya mbele ya macho yetu, akaifunga, akafuatilia waya mmoja mmoja kwa vidole. Alipowasha swichi, mstari ukapanda polepole. Ukashuka polepole.

Kijana mwenye gari alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta.

"Basi ni feni," Kipimo akasema. "Upepo unaingia bombani unatudanganya. Nifungieni chumba. Kwangu upepo hauna ruhusa."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Hahukumu sensa yoyote mpaka hewa ya chumba itulie. Akazima feni. Akashusha mlango mpaka mpira ukagusa sakafu. Tundu la kupitishia nyaya akaliziba kwa tambara. Ukimya ulikuwa mzito kiasi kwamba nilisikia mtoto akivuta pumzi.

"Haya," Kipimo akasema. "Sasa tuone."

Mstari ulikuwa umebadilika. Haukuwa tena wa polepole. Ulikuwa unapanda na kushuka haraka haraka, vilima vifupi vifupi, kama kitu kidogo kinachokimbia.

"Hivi vidogo ni vya nini tena?" Kipimo akanung'unika. "Ngoja tuuzibe mdomo kabisa. Usipokuwa na hewa, utasema nini?"

Akaweka kiganja chake kipana juu ya mdomo wa boksi la filta, pale hewa inapoingilia. Mstari ukaanguka. Ukalala chini, umenyooka.

"Mnaona?" akasema akitabasamu. "Upepo tu."

Mimi nilikuwa namtazama mwanangu. Mama anayenyonyesha hutazama kifua cha mtoto hata akiwa anaongea na watu; ni mazoea ambayo hatufundishwi. Kifua hakikuwa kinapanda. Nilidhani nimekosea. Nikasogea. Midomo yake ilikuwa inageuka rangi. Nikamnyanyua. Alilegea mikononi mwangu kama nguo iliyolowa.

"Toa mkono," nikasema.

Hakunisikia.

"Toa mkono, Kipimo! Toa!"

Alishtuka, akauvuta mkono. Ulibanduka kwa mlio, kama mdomo unaoachia titi. Mstari ukaruka juu. Mwanangu akavuta pumzi ndefu, ya kukwaruza. Kwenye kiganja cha Kipimo kulikuwa na duara jekundu, na ndani ya duara ngozi ilikuwa imevutwa nje.

"Fungua mlango," mume wangu akasema kwa sauti ndogo.

Kipimo akainama, akashika, akainua. Haukutikisika. Mume wangu akaongeza mikono. Kijana mwenye gari naye akaja. Wanaume watatu, mishipa ya shingo imewatoka, na mlango ambao mimi mwenyewe nimewahi kuuinua kwa mkono mmoja. Nikatazama chini. Ule mpira mnene ulikuwa umebonyea. Umebonyea kuja ndani, kuelekea gari.

Walipiga kelele. Nje kulikuwa na mashine ya kukatia chuma inalia, hakuna aliyetusikia. Simu ndani ya zege lile hazijawahi kushika mtandao. Masikio yangu yakaziba. Hewa ikawa nyembamba.

"Nazima gari," mume wangu akasema, akaelekea kwenye swichi.

"Usizime."

"Mama, ni gari linalo..."

"Usizime! Tazama mstari. Tazama na kifua chake."

Walitazama. Mstari ulipanda, kifua kikapanda. Mstari ulishuka, kifua kikashuka. Haukumfuata mtoto. Mtoto ndiye aliyekuwa anaufuata. Kipimo, asiyekubali jambo mpaka alipime, alitazama mara moja tu, akageuza uso.

Mume wangu aliuondoa mkono kwenye swichi taratibu, kama mtu anayemkwepa nyoka.

Tukasimama. Hatuwezi kutoka. Hatuwezi kuzima. Hatuwezi kugusa chochote.

Kisha taa za dashibodi zikaanza kufifia.

"Betri," mume wangu akanong'ona.

"Chaja?" Kipimo akauliza.

"Iko stoo."

Stoo ilikuwa nje ya mlango. Vilima kwenye kompyuta vikawa vifupi zaidi. Nilimfunika mwanangu kifuani kwangu, nikaweka shavu juu ya utosi wake. Unadunda. Unadunda. Unachelewa. Nilianza kumpulizia puani, nikipuliza kidogo kidogo nilivyoonyeshwa kliniki. Pumzi yangu ilirudi usoni kwangu, baridi.

"Kaka yangu alilala humo," kijana mwenye gari akasema.

Macho yake yalikuwa kwenye kiti cha dereva.

"Alitoka mashindanoni amechoka. Akafunga vioo, akalala kwenye kiti. Mtungi ulikuwa unavuja nyuma yake. Gesi ikaifukuza hewa yote. Asubuhi tulimkuta mdomo wazi, ameuelekeza kwenye kioo." Alimeza mate. "Nilidhani sensa ni mbovu. Nilitaka sana iwe mbovu."

"Ungesema," Kipimo akanong'ona.

"Ningekuambia nini, mzee? Wewe unataka vipimo."

Akaja mpaka nilipokuwa. Nilidhani anataka kumgusa mtoto, nikarudi nyuma. Lakini aliniuliza tu jina lake. Nikamwambia. Akalirudia kwa upole, kama anamsalimia, na akamvutia kanga iliyokuwa imemdondoka mguuni.

Halafu akafungua mlango wa gari, akakaa kwenye kiti cha dereva, akaufunga. Akapandisha vioo vyote.

"Wewe! Toka humo!" mume wangu akasema, akivuta kitasa. Kilikuwa kimejifunga.

Kupitia kioo tulimsikia kwa mbali sana.

"Kaka. Mwachie mdogo. Mimi niko hapa."

Mstari ukalala chini. Ukanyooka. Nilishika utosi wa mwanangu na sikusikia kitu. Hakuna kitu. Hakuna.

Mstari ukapanda. Polepole. Kilima kirefu, cha mtu mzima.

Na mwanangu akalia.

Alilia kwa nguvu zake zote, miguu ikipiga tumbo langu, na mstari kwenye kompyuta haukujali kilio chake hata kidogo. Nyuma yetu mpira wa mlango ukatoa mlio wa kuachia. Kipimo akainua kwa bega na mwanga wa mchana ukaingia na kelele za mashine na harufu ya vumbi. Sijawahi kupenda vumbi kama siku ile.

"Toka na mtoto!" mume wangu akanipigia kelele.

Nilitoka mpaka kizingitini. Kuendelea nilishindwa. Yule kijana alikuwa ameuelekeza mdomo kwenye kioo. Unafunguka, unafungika. Mikono ameiweka mapajani, hajagonga, hajaomba. Kila mstari ulipopanda, mashavu yake yalibonyea ndani.

"Kipimo!" nikalia. "Msimwache!"

Kipimo alichukua spana kubwa ya magurudumu. Kioo kikapokea pigo la kwanza bila kuonyesha hata ufa. La pili nalo likaishia hivyo. Mara ya tatu aliizungusha spana kwa mikono miwili, na kioo kikavunjika. Vipande vyote viliangukia ndani, hata kimoja hakikuja nje. Dashibodi ikazimika. Mume wangu akapitisha mikono, akamkamata yule kijana makwapani, akamvuta kupitia dirishani huku vioo vinawakata wote wawili. Wakaanguka sakafuni. Kijana akakohoa, akatapika, akakohoa tena.

Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mtoto?"

Nikapiga magoti nikamwonyesha. Alitabasamu, damu ikimchuruzika shingoni.

Kesho yake mume wangu aliitoa ile sensa mpya. Aliifungua mwenyewe, mbele ya Kipimo. Filta ilikuwa nzima, haina tundu wala mpasuko, na bomba halikuwa limefunguliwa tangu alipolifunga. Jioni alikuja nayo nyumbani ndani ya kitambaa. Alikifunua chini ya taa. Kwenye kile kiwaya chembamba, kile cha katikati kinachopima hewa, zilikuwa zimezungushwa nywele za mtoto mchanga. Laini, nyeusi. Zimezungushwa kwa mpangilio, duara juu ya duara, kama uzi kwenye kijiti cha mshonaji.

Nilikwenda nikamvua kofia mwanangu aliyekuwa amelala.

Kipimo bado anapima magari, ila mlango ule aliung'oa. Kijana mwenye gari huja kututembelea, na akija hukaa karibu na dirisha. Mwanangu sasa yuko darasa la kwanza. Kichwa chake kina nywele nyingi, isipokuwa pale utosini, upana wa ukucha wa kidole gumba, ambapo hadi leo hazijaota.