Kidole Kimoja cha Nakhumicha

Dada yangu Nakhumicha alikuwa mwanamke wa maneno mengi, na Mola, ambaye njia zake hazichunguziki, alimwondolea yote kwa asubuhi moja. Alikuwa akipepeta maharagwe uani kwake, nje kidogo ya Kimilili, akaanguka kiubavu juu ya ungo. Alipozinduka hospitalini Bungoma, ulimi ulikuwa umekufa, miguu imekufa, na mkono wa kulia umekufa. Katika mkono wa kushoto kilisalia kidole kimoja, kile cha shahada. Hicho ndicho alichoachiwa cha kuzungumza na ulimwengu.

Binti yake, Linah, alikuwa karani katika ghala la mahindi huko Kitale. Jumapili moja baada ya ibada alikuja na kisanduku kidogo. Ndani yake mlikuwa na saa nyeusi isiyo na mishale, uso wake kioo kitupu. Nilikuwapo siku hiyo, tukila viazi vitamu.

"Mama, tazama," Linah alisema, akikishika kidole cha mamaye. "Kutoka kulia kwenda kushoto. Polepole, kama unafuta unga mezani."

Kidole kiliteleza juu ya kioo. Jikoni, simu ya Sandra ikatetemeka ndani ya mfuko wa aproni.

Sandra alikuwa mke wa Jairus, mwana wa Nakhumicha. Jairus hununua tumbaku Malakisi na hurudi nyumbani mwisho wa wiki, hivyo ulezi wa mgonjwa ulikuwa mikononi mwa mkewe. Alitoka jikoni akicheka, simu mkononi.

"Haki imeniita! Mama amekuwa dijitali, bana!"

"Sasa wewe ukiona jina lake," Linah akamwelekeza, "telezesha kidole kulia, umeitika. Atakusikia, nawe utasikia hata akikohoa. Ukitelezesha kushoto, umemkataa. Mradi simu isitoke nje ya ua huu, itashika."

"Ati kumkataa? Nani atamkataa mama?"

Sote tulicheka. Nakhumicha, asiyeweza kucheka, alitelezesha tena.

Saa ilifungwa kwenye kifundo cha mkono uliokufa, mkono ule ukalazwa tumboni, na mkono wenye kidole kizima ukawekwa juu yake. Ndivyo alivyokaa dada yangu kwa miezi saba. Mikono miwili tumboni, mmoja juu ya mwingine, kama tunavyowalaza wafu.

Yaliyotukia Jumanne aliyokufa nilisimuliwa na Fridah, msusi wa jirani, siku ya pili baada ya mazishi. Alinisimulia akilia, na sikuweza kumfariji.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Sandra alikuwa ameketi mkekani nyuma ya jikoni, akisukwa mistari myembamba, kioo mkono mmoja na simu pajani. Simu ikatetemeka.

"Unapigiwa," Fridah alisema.

"Ni mathe wa Jairus. Ati maji." Kidole gumba cha Sandra kikapita kushoto.

"Si uende umpe?"

"Nikimpa maji, atataka kugeuzwa. Nikimgeuza, atataka jua. Wacha, bana. Shika hii laini."

Simu ikatetemeka. Kidole gumba kikapita. Ikatetemeka. Kikapita. Mara ya saba au ya nane, Fridah aliacha kusuka.

"Sandra, huyu ni mgonjwa."

"Angoje. Ushaona mtu amekufa kwa kungoja?" Kisha akainua uso kuelekea dirishani, akapaza sauti kama anayefukuza kuku. "Ngoja, Mama! Hutakufa!"

Kukawa kimya kidogo. Simu ikatetemeka tena.

Fridah alikiri kwamba hakuinuka. Haikuwa nyumba yake, alisema, na hakutaka kuitwa mchonganishi. Jua lilipofika utosini, miito ilianza kupeana nafasi. Mwendo wa saa saba na nusu ulikuja mmoja mrefu, ambao haukutaka kwisha. Kidole gumba kikapita. Macho ya Sandra hayakutoka kwenye kioo.

Baada ya hapo simu ilitulia.

"Unaona?" Sandra alimwambia Fridah. "Amezoea."

Tulimkuta midomo imepasuka kama udongo wa kiangazi. Ncha ya kile kidole ilikuwa imechunika ngozi, nyama nyekundu inaonekana. Jagi la maji lilikuwa juu ya meza, limejaa, hatua mbili kutoka kitandani.

Linah alifika jioni kutoka Kitale. Alilia kwanza, kisha akauliza, "Saa ya mama iko wapi? Kila wito hubaki humo. Nataka kujua aliita lini mara ya mwisho."

Sandra alisema huenda imebebwa na mmoja wa waombolezaji.

"Haijalishi. Tukishamzika nitaitafuta kwa simu yako. Popote ilipo ndani ya ua huu, italia."

Maneno hayo ndiyo yaliyomfanya Sandra atende alilolitenda. Orodha ya miito alikuwa ameifuta simuni mwake, lakini ya saani hakujua kuifuta. Kutoka nayo nje ya ua hakuweza, waombolezaji wakimzunguka. Angeitupa chooni, ingelia chooni. Angeizika shambani, ingelia shambani. Kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo mkono wa mtu usingeingia tena. Siku ya kumvika marehemu alijitolea mwenyewe, na wanawake wakamsifu. Alimvisha gauni jeupe la chama cha akina mama kanisani, la mikono mirefu. Aliirudisha saa aliyokuwa ameificha kwenye kifundo kile kile, akafunga vifungo vya mkono wa gauni juu yake, akauweka mkono wa kushoto juu ya wa kulia.

Jumamosi tulimzika hatua ishirini kutoka jikoni, kando ya mparachichi.

Jumapili Linah alizunguka nyumba nzima na simu ya Sandra mkononi, akiibonyeza ile alama ya kuitafuta saa. Haikusikika popote. Aliniambia baadaye kwamba alipopita karibu na kaburi alisikia kama nyenje analia chini ya majani, asijali. Nyenje hulia popote.

Akarudi Kitale.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, Sandra alikuja kwangu kwa miguu. Alikuwa amejifunga kitambaa juu ya mistari ile ile. Aliiweka simu juu ya meza yangu, kisha akaisukuma mbali kwa mgongo wa mkono.

"Khocha, niombee."

Khocha ni mjomba katika lugha yetu, nami ni mjomba wa mumewe. Nilimkaribisha kiti. Hakuketi.

"Ananiita," alinong'ona.

"Nani?"

Hakumtaja. Alinieleza yote, kuanzia mkekani hadi kwenye vifungo vya gauni, macho yake yakiitazama simu muda wote. Alikuwa ameizima, ikawaka. Alikuwa ameifuta saa ile kutoka simuni, ikarudi. Akitoka nje ya ua, kimya. Akirudi, jina la Mama linakuja juu ya kioo, naye analikataa, nalo linakuja.

"Na chaji, Khocha. Nikimfungia saa, ilikuwa imebaki asilimia tisa. Simu inanionyesha. Juzi ikawa arobaini. Jana sabini. Leo ni tisini na nane." Alirudi hatua moja nyuma. "Nani anaichaji huko?"

Nimefundisha Maandiko kwa miaka thelathini na minane, na nayajua maneno yanayompasa mwenye dhambi aliyebisha mlangoni. Ningemwambia atubu. Ningemwambia aungame mbele ya Jairus na Linah. Ningepiga naye magoti pale pale sakafuni. Badala yake nilimkumbuka yule tajiri wa motoni tunayemhubiri kila mwaka, aliyeomba apewe tone la maji kwenye ncha ya kidole, asipewe. Nikalikumbuka jagi.

"Binti yangu," nilimwambia, "aitwaye huitika. Wewe hujaitika hata mara moja. Nenda ukaitike."

Nilisema hayo kwa upole. Upole ule ndio ninaouungama hapa.

Tulifika adhuhuri. Jua lilikuwa kali na hapakuwa na kivuli cha kuficha kitu. Nyongesa, fundi aliyekuwa akilijengea kaburi, alikuwa amechutama na mwiko wake.

"Mwalimu, kuja uone," alisema. "Hii ni mara ya tatu nairudia. Jioni nalaza saruji vizuri, asubuhi napata hii."

Ulikuwa mfereji mwembamba katikati ya kaburi, juu ya pale mikono ya marehemu ilipolazwa. Upana wake ulikuwa wa kidole kimoja. Ulitoka kulia, ukaenda kushoto. Niliupapasa. Saruji yote ilikuwa na chembe za mchanga, lakini ndani ya mfereji ilikuwa laini kama jiwe la kusagia lililorithiwa.

"Si kuku, si paka," Nyongesa alisema. Alizifuta zana zake, akazitia guniani. "Pesa yenu nitarudisha."

Akaondoka.

Simu ilitetemeka mkononi mwa Sandra. Juu ya kioo paliandikwa Mama. Chini yake, asilimia mia moja.

"Kulia," nilimwambia.

Kidole chake kilisita. Nilikiona kikielekea kushoto, kwa mazoea.

"Kulia, Sandra."

Kikapita kulia.

Kimya.

Kisha sauti ya udongo. Kama mchanga unaomiminwa ndani ya mkebe. Kisha pumzi. Ndefu. Ya mtu aliyelala karibu sana.

Kisha sauti ya dada yangu. Sikuwa nimeisikia tangu siku ya maharagwe. Ilikuwa nzima. Haikuwa na hasira.

"Ngoja," ilisema.

Mparachichi haukutikisika hata jani.

"Hutakufa."

Sandra alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Pembe ya mdomo ilivutika kuelekea sikioni, jicho moja likashuka. Akaanguka kiubavu juu ya kaburi. Alianguka vile vile alivyoanguka Nakhumicha. Simu ilibingirika majanini. Nilimwita kwa jina. Alinitazama, alinijua, hakuweza kuitika. Miguu ilikuwa imekufa. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa.

Katika mkono wa kushoto, kidole kimoja kilikuwa kikisugua saruji. Kulia kwenda kushoto. Kulia kwenda kushoto.

Linah aliacha kazi Kitale akaja kumlea. Jairus alilia kwa shukrani. Kanisani walimtaja Linah kwenye maombi, wakasema mawifi wengi wangejifunza kwake. Nilikwenda kuwajulia hali mwezi ulipokwisha.

Nyumba ilinukia sabuni. Sandra alikuwa amelazwa kitandani mwa Nakhumicha, shuka safi, nywele zimenyolewa, mikono miwili tumboni. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia palikuwa na saa mpya. Macho yake yalinishika tangu mlangoni, hayakuniacha. Kwenye meza palikuwa na jagi limejaa, hatua mbili kutoka kitandani.

"Usisimame huko, Khocha. Njoo sebuleni, chai inapoa," Linah aliniita.

Alinimiminia. Simu yake ilikuwa kando ya kopo la sukari. Ikatetemeka. Kidole gumba chake kikapita kushoto, naye hakuacha kumimina.

"Nani huyo?" nilimuuliza.

"Si mtu. Ongeza sukari, Khocha."

Ikatetemeka. Kikapita.

"Linah."

Aliweka birika chini. Alitoa simu nyingine kutoka mfukoni mwa sweta, ile ya Sandra, akanitelezeshea orodha polepole, mstari kwa mstari. Ilikuwa orodha iliyokwisha kufutwa, na ilikuwa pale yote. Jumanne ile. Saa nne na dakika mbili, umekataliwa. Saa nne na dakika tisa, umekataliwa. Aliifikisha hadi chini.

"Arobaini na moja," alisema. Sauti yake ilikuwa ya karani anayesoma idadi ya magunia. "Kwa hivyo namkataa arobaini na moja. Kisha namletea maji, anakunywa vizuri, namgeuza, namwotesha jua. Daktari amesema nikimtunza hivi ataishi miaka mingi."

"Na kesho?"

"Kesho pia. Si kila siku ni siku?"

Simu ikatetemeka. Kidole gumba kikapita.

"Bado kumi na tisa," alisema, akanisogezea kikombe.

Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo. Neno hilo lilinijia ulimini, pamoja na mengine yaliyo bora kuliko hilo, nami nikayanywa yote na chai. Nilishukuru, nikachukua kofia yangu, nikapita karibu na chumba cha mgonjwa bila kugeuza kichwa. Niliwasikia wawili hao nyuma yangu. Mtetemo. Kimya. Mtetemo.

Njia ya kutokea inapita kando ya mparachichi. Sikukusudia kusimama.

Mfereji wa kwanza ulikuwa palepale, umeingia ndani sasa kiasi cha kumeza pingili ya kidole. Sambamba nao palikuwa na wa pili, usio na kina, ambao haukuwapo tulipomwinua Sandra. Vumbi la saruji lilikuwa bado jeupe juu ya nyasi, na upepo haujalipeperusha.

Nikainama, kwa maana macho yangu si ya jana.

Kando ya wa pili palikuwa na wa tatu, usio na mwenyewe bado. Haukuwa umezidi urefu wa ukucha.