Maji Ndani ya Mazuti

Kamioneti ya Amisa ilikufa asubuhi ya Alhamisi, mbele kidogo ya nyumba za mwisho za Kolwezi, kwenye njia ya Kasaji. Kwanza mashini iligonga kama mtu anayenyoosha bati kwa nyundo, kisha moshi mweupe ukafunika barabara, kisha kimya. Abiria walishuka na mizigo yao bila kuuliza kitu. Baadhi yao walikuwa wameshashuka hivyo hivyo safari iliyopita.

Kisimba, shofere wake, alifunua boneti, akatazama, akafunika.

"Ni injekta tena, mama."

Ilikuwa mara ya tatu tangu mvua zianze, mwaka ule wa 1976. Injekta ni vyuma vidogo vinavyopuliza mazuti, yaani dizeli, ndani ya mashini. Zikiharibika, gari halina pumzi. Mpya zilitoka Lubumbashi kwa bei ya kuumiza. Mara ya kwanza Amisa aliuza cherehani yake. Mara ya pili aliuza hereni za dhahabu alizopewa na marehemu mumewe, Abibu. Sasa hakubaki na kitu cha kuuza isipokuwa kamioneti yenyewe, na kamioneti ndiyo iliyomlisha. Tangu treni za Angola zisimame, watu wa Kasaji na Dilolo waliingoja kama mvua.

Walivutwa na lori hadi garaji ya Tshimanga, fundi mtu wa Kasai aliyeitengeneza gari hiyo tangu siku za Abibu. Tshimanga alichomoa injekta moja moja, akazipanga juu ya gunia. Ncha zilikuwa zimeshika kutu, mbili zimepasuka. Akafungua tangi kwa chini, akakinga mazuti katika chupa nyeupe, akaiinua juani. Juu mazuti, chini maji, na chini ya maji utando mweupe kama ukungu.

"Mama Amisa," alisema polepole, "mara ya kwanza nilisema ni bahati mbaya. Mara ya pili nilisema ni mvua. Leo nakatala. Maji mingi hivi haiingie yenyewe. Kuko muntu."

"Muntu gani?"

"Mi niko fundi ya motoka, haiko ya roho ya bantu. Chukua hii chupa. Itakusaidia."

*

Amisa alianza kwa Mbombo, aliyeuza mazuti kwa pipa karibu na soko. Hakumpigia kelele. Alimwomba ateke kidogo katika chupa nyingine, kutoka pipa lile lile waliloliuziwa Jumatano, akaiweka chupa hiyo juu ya benchi, akakaa. Watu walikuja, wakanunua, wakaenda. Mazuti ilibaki safi, rangi moja toka juu hadi chini.

"Unaona?" Mbombo alisema, amechukia. "Magari ngapi yalikunywa hapa jana? Yote inatembea. Ni yako tu njo inakufa."

"Nisamehe, tata."

"Nakusamehe. Lakini tafuta karibu. Mwizi wa mbali hajue mulango ya nyumba yako."

Maneno hayo yalimfuata njiani. Mfuniko wa tangi ulikuwa na kufuli. Funguo zilikuwa mbili: mmoja kwa Kisimba, mmoja ulining'inia kwenye msumari nyumbani, jikoni, tangu Abibu alipokuwa hai.

Nyumbani palikuwa na watu wawili tu, yeye na mama mkwe wake. Mama Nuru alikuja kutoka Kabambare, Maniema, kumzika mwanawe, na hakurudi. Abibu alifia kwenye njia hiyo hiyo ya Kasaji, lori lilipomfuata upande wake penye kona. Tangu siku hiyo wanawake hao walikaa nyumba moja wakipishana kama watu wa stesheni. Kila mmoja alikuwa na kilio chake, na hakuna aliyejua namna ya kukileta mezani. Mama Nuru aliosha mchele wake kila asubuhi, kwa sababu bukari, ugali wa watu wa Kolwezi, haikumpita kooni. Alisali, akafagia ua, akakaa barazani. Majirani walikicheka Kiswahili chake cha Maniema, naye akaacha kuwasemesha.

"Imeharibika tena?" aliuliza alipomwona Amisa anaingia kwa miguu.

"Imeharibika."

"Basi hautaenda Kasaji."

"Nitaenda na nini, mama?"

Mama Nuru aliitikia kwa kichwa, akarudi jikoni. Siku hiyo alipika vizuri kuliko siku zote.

*

Inspekta Banza alisikiliza habari yote akiwa amesimama dirishani, katika ofisi yenye meza moja na picha ya Rais. Alikuwa mtu wa Kongolo, mkimya, na alipenda swali fupi.

"Sitwayeni Amisa," alisema, kama serikali ilivyotaka kila raia aitwe, "nani anagusa hiyo gari?"

"Mi na Kisimba."

"Mulishagombana?"

"Juu ya siku ya Mungu. Jumapili tunaenda Fungurume, asubuhi kwenda, magharibi kurudi. Yeye anataka kusali. Mi nilimuambia, Jumapili njo soko."

Banza aliinua chupa. Utando mweupe ulizunguka ukatulia.

"Na hii nyeupe ni nini?"

"Sijue."

Aliagiza Kisimba aletwe. Alikuja na suruali ya kazi, na kwenye magoti na mikono yake palikuwa na madoa meupe yaliyokauka. Banza aliyaonyesha kwa kidole.

"Hii ni nini, Kisimba?"

"Chokaa, shefu. Tunapaka kanisa yetu."

"Tangu lini?"

"Tangu juma iliyopita."

"Ufunguo ya tangi iko wapi?"

Kisimba aliutoa mfukoni, akauweka mezani. Kisha akaiona chupa, akaelewa, na uso ukamshuka.

"Mama Amisa," alisema, "unawaza ni mi?"

Amisa alitaka kujibu, akatazama chini. Banza hakungoja. Mtu mwenye ufunguo, mwenye sababu, mwenye chokaa mikononi: kwake hesabu ilikuwa imekamilika. Kisimba alipitishwa uani kwenda mahabusu, mbele ya watu waliokuja kutafuta vitambulisho, na mke wake alikuwa amesimama pale langoni na sahani ya chakula.

*

Amisa hakupata raha. Alikaa barazani na chupa ya pili, ile ambayo Tshimanga alimkingia ya akiba, akijaribu kumchukia Kisimba. Chuki ilikataa kuja. Kisimba ndiye aliyembeba Abibu siku ile ya kona, akamtoa katika vyuma kwa mikono yake.

Akaanza kuzihesabu safari upya, kichwani, moja baada ya nyingine. Kama Kisimba alitaka Jumapili zake, mbona Jumapili zote walizokwenda Fungurume gari halikukohoa hata mara moja? Mashini ilikufa mara tatu, na mara zote tatu walikuwa wanakwenda Kasaji. Safari ya kulala nje. Nani alichukia Kasaji na hakujali Fungurume?

Aliivuta chupa karibu, akaiinamisha. Chokaa hukaa chini kama vumbi. Kitu hiki kiliteleza, kizito, kama makamasi. Akamwaga mazuti ya juu kwenye kopo, akanusa maji yaliyobaki. Chini ya harufu kali ya mazuti kulikuwa na harufu nyingine, chachu, anayoijua. Akayapitisha kwenye kitambaa. Juu ya kitambaa ilibaki chenga moja ya mchele.

Kwa Kisimba walikula bukari mchana na jioni. Kwa Mbombo, kwa Tshimanga, kwa mtaa mzima, bukari.

Amisa alikaa na kitambaa kile mapajani. Jikoni Mama Nuru alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, vijiwe upande huu, punje upande ule. Sauti ya punje ilikuwa ndogo sana, lakini nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba ilisikika yote.

Aliinuka, akaingia, akaweka kitambaa juu ya ungo.

"Mama," alisema, "maji ya kuosha mchele unamwaga wapi?"

Vidole vya Mama Nuru vilisimama.

"Uani."

"Yote?"

Yule mama aliitazama ile chenga. Kisha akautazama msumari wenye ufunguo, na hakujaribu kusema uongo.

"Nilienda kwenye tangi na sufuria mkononi ili jirani wakiona waseme ninamwaga maji," alisema. "Nilidhani gari litakataa tu kuamka. Utashuka, utaingia ndani, utasema, leo tunakaa. Sikujua kama litavunjika. Sikujua mambo ya injekta."

"Mara tatu, mama! Niliuza hereni za Abibu. Uliniona nikizifunga katika leso. Ukanyamaza!"

"Nilinyamaza."

"Juu ya nini?"

"Kwa sababu ulikaa siku kumi nyumbani." Akausukuma ungo pembeni. "Mwanangu, ukienda Fungurume ninangoja jua lishuke, ninajua utakuja. Ukienda Kasaji sijui. Ile njia ilinipa maiti. Na hapa ninasema na nani? Safari ile ya kabla ya mvua, uliporudi na kuniamkia, nilitaka kujibu na sauti haikutoka. Nilikuwa sijaitumia tangu ulipoondoka."

Amisa alikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Alipoyatafuta, aliona mengi hayakuwa ya Mama Nuru bali yake mwenyewe. Alipenda Kasaji kwa sababu kule hakuna kiti cha Abibu. Siku zote alisema ni biashara.

"Kisimba amefungwa," alisema mwishowe. "Vaa, mama. Tunakwenda."

Mama Nuru alijifunga mtandio bila kubisha.

*

Mbele ya Banza Mama Nuru alisema yote mwenyewe, wima, hakupunguza kitu. Inspekta alichukua kitambaa, akaitazama chenga, akamtazama mzee yule, na kwa mara ya kwanza akavuta kiti na kumkalisha mtu.

"Sitwayeni Amisa, unamushitaki?"

"Hapana. Nataka Kisimba atoke."

Kisimba alitolewa na suruali ile ile ya chokaa. Mama Nuru alipiga magoti mbele yake. Yeye akamshika mikono haraka, akamwinua.

"Simama, mama. Mi nilikuzikia mutoto. Usinipigie magoti." Kisha akamgeukia Amisa, na macho yake yalikuwa mengine. "Weye, mama, tulitembea pamoja miaka ngapi? Siku ile nilikuuliza neno moja tu. Ulitazama chini."

"Kisimba, nilikosa. Rudi kazini."

"Kazi nitapata. Nimekusamehe, kweli. Lakini kwako sirudi."

Akavuka ua, akamchukua mke wake aliyekuwa akingoja langoni, wakaenda.

Njiani wanawake wawili walitembea bega kwa bega, polepole, kwa sababu ya miguu ya Mama Nuru. Karibu na nyumba yule mzee alisema, "Nitafutie treni. Ninarudi Kabambare."

"Sikukufukuza, mama."

"Najua. Lakini nimemfunga mtu asiye na kosa ili nisikae peke yangu. Nikibaki, sijui nitafanya nini kingine." Akaegemea ukuta kupumzisha miguu. "Kaburi nakuachia wewe. Usiliache liote majani."

Wiki iliyofuata Amisa alimpandisha treni ya Kamina, ya kuelekea Maniema, akampa mkeka, maji na mkate. Dirishani walishikana mikono, kwa nguvu kuliko siku ya msiba, na ndipo walipolia pamoja, kwa mara ya kwanza tangu Abibu azikwe. Treni iliondoka.

Amisa aliuza kitanda kikubwa cha chumbani, alicholala na Abibu na ambacho hakuwahi kukihesabu kuwa cha kuuza, injekta zikaja. Tshimanga alizifunga, akaleta kamioneti mwenyewe hadi uani, mchana, mtaa wote uko kazini. Alishuka akaacha mashini inanguruma, laini, bila kugonga, bila moshi.

"Unasikia, mama? Sauti ya mashini nzima njo hii. Sasa tafuta shofere, Kasaji banakungoja."

"Nasikia, tata. Asante."

Tshimanga aliingiza mkono dirishani kuizima.

"Iache kidogo," Amisa alisema.

"Mazuti inaisha bure, mama."

Amisa alikuwa amekaa kwenye ngazi ya baraza, mbele ya mlango ulio wazi na vyumba visivyo na mtu.

"Iache tu," alisema. "Inasema na mi."