Machozi ya Kitunguu Machimboni

"Mpake tena! Machozi hayaonekani!"

Sauti ya mchumba wake, afisa utamaduni, ilitoka kwenye simu, na fundi cherehani akaacha kushona. Kwenye video, msichana wa kukodi alikuwa akisuguliwa kitunguu machoni huku kiuno kinakatika juu ya machimbo yaliyofukia wanaume arobaini na mmoja, babu yake fundi akiwemo. Kila mwaka wajane na wajukuu hukaa pale, hutaja jina, hugonga jiwe, kimya, hutaja jingine. Basi. Kiuno kimetoka wapi?

Akampigia.

"Mpenzi, hii ndiyo kumbukumbu yetu?"

"Roho yangu, tunataka iandikwe urithi wa taifa! Kugonga mawe tu, kamati si italala? Nimetia chumvi kidogo."

"Umeitia kaburini."

"Bibi yako mwenyewe karidhia. Dole gumba lake liko kwenye fomu."

Fundi akakata simu, akamgeukia bibi yake aliyekuwa akichambua vifungo.

"Bibi, uliweka dole kwenye karatasi gani?"

"Si ile ya posa? Afisa wako kaniambia, 'Bibi, bonyeza hapa nimchukue mjukuu wako.' Nikabonyeza mpaka meza ikalia, nisije nikakukosesha mume!"

Fundi alitema mate dirishani. Asubuhi akamshika bibi mkono, wakaingia ofisi ya utamaduni kamati ikiwa imekaa. Mchumba alikuwa mbele, tai imembana, anaonyesha video.

"Mama mwenyekiti, mwenye dole huyu hapa. Muulize aliridhia nini."

"Harusi," bibi akajibu kabla hajaulizwa. "Viuno sikuambiwa. Ningevikataa, mume wangu yuko chini pale."

Mwenyekiti alimtazama afisa wake kama mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi. Akaichana fomu.

"Nimefanya kwa mapenzi!" afisa akalia, safari hii bila kitunguu. "Mpenzi, jina la babu yako lingejulikana dunia nzima!"

"Jina gani?"

"La... babu."

"Miaka mitatu umekuja na kamera, linatajwa mbele yako. Litaje."

Afisa akatazama dari. Darini hapakuandikwa kitu.

"Jumamosi usilete mahari kwetu," fundi akasema. "Na mshenga wako usimtume."

"Twende, mjukuu wangu," bibi akamvuta. "Dole la kushoto bado sijalitumia. Akitokea mwanamume mwenye masikio, nitabonyeza."