Saa Tisa ya Kompyuta

Kila asubuhi fundi cherehani alifagia kibaraza, akaiweka cherehani karibu na dirisha, akaanza kazi. Mama mkwe wake alikaa kando, akifumua mishono iliyokosewa. Aliifumua kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Jicho lake la kushoto lilizimika mwaka aliofiwa na mumewe. Siku zile za msiba hakuna aliyekumbuka dawa yake ya matone ya macho. Lilibaki la kulia, nalo kwa wiki mbili sasa lilikuwa likimpiga chenga. Alikuwa akijigonga kwenye milango.

"Mlango huu umesogea," alisema.

"Haujasogea, mama. Jumanne tunakwenda kwa daktari."

Zahanati ilikuwa imeachana na foleni za alfajiri. Siku hizi kompyuta ndiyo iliyopanga miadi na kumpelekea kila mgonjwa ujumbe kwenye simu. Ujumbe wao ulisema: "Miadi yako ni Jumanne, saa 9:00. Jibu 1 kukubali, 2 kubadilisha."

Fundi alibonyeza 1. "Saa tisa. Afadhali, asubuhi nitamaliza sare za shule."

Jumanne, saa nane na nusu mchana, walifika mapokezi. Karani, mwanamke wa makamo mwenye kalamu nyuma ya sikio, aliangalia kadi yao, kisha kompyuta.

"Mliitwa asubuhi. Hapa imeandikwa hamkufika."

"Asubuhi gani? Tumeambiwa saa tisa, na saa tisa bado. Tumewahi."

Karani aliomba simu, akasoma. "Lo, dada. Hii ni saa tatu asubuhi."

"Tisa imekuwa tatu?" mama mkwe akauliza. "Kompyuta yenu inakula saa za watu?"

"Haili, mama, ila inahesabu vingine. Sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza. Yenyewe inaanza usiku wa manane, watu wamelala. Kukipambazuka, imeshatutangulia saa sita. Kwa hiyo ukiona saa ya kompyuta, toa sita. Tisa toa sita?"

"Tatu," fundi akasema.

"Kumi na nne toa sita?"

"Nane. Saa nane mchana."

"Umehitimu."

Fundi hakucheka. "Daktari wa macho yupo?"

"Leo ameondoka saa saba. Nafasi iliyo wazi ni baada ya wiki sita."

"Jicho hili halina wiki sita. Anajigonga kwenye milango."

Karani aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Mbona hukuanza na hilo?"

"Hukuniuliza."

"Kweli, sikuuliza." Karani alivuta kibao cha herufi cha kompyuta. "Nawaweka juu kabisa kwenye orodha ya wanaongoja, na naandika sababu ili daktari aione. Mtu akibonyeza 2, nafasi yake inakuja kwenu. Ndiyo maana tunawaomba watu wajibu. Asiyekuja na asiseme, amekalia kiti cha mwenzake. Lakini jicho likianza kuuma au kuwa jekundu, msingoje ujumbe. Nendeni hospitali kubwa siku hiyohiyo."

"Leo asubuhi tumekalia kiti cha nani?" fundi akauliza.

"Usijilaumu. Kosa ni letu pia."

"Basi lirekebisheni. Andikeni kwa maneno: saa tatu asubuhi. Mimi nashona kwa vipimo. Mteja akiniambia kiuno ni thelathini na nane, asiseme inchi wala sentimita, nitamshonea suruali ya mwanasesere."

Mama mkwe aliangua kicheko. Karani alichomoa kalamu sikioni, akaandika maneno hayo kwenye karatasi, akaenda nayo kwa mganga mkuu.

Alhamisi asubuhi simu ililia. "Nafasi imepatikana. Leo, saa 14:00." Fundi alihesabu kwa vidole, akahesabu tena, akabonyeza 1. Saa saba na nusu mchana walikuwa kwenye benchi la mapokezi.

Daktari alipima presha ya jicho. Ilikuwa juu. Alibadilisha dawa, akamwonyesha fundi namna ya kutia matone: kope la chini livutwe, tone moja lidondoke, kisha jicho lifumbwe.

"Uwezo wa kuona uliokwisha kupotea haurudi," alisema. "Huu uliobaki tutaulinda. Wiki sita zingekuwa nyingi."

Walipokuwa wakitoka, mama mkwe alipapasa ubavu wa mlango. "Basi milango nitaizoea," alisema.

Dawa haikukosekana tena hata siku moja. Walipopima mara ya pili, presha ilikuwa imeshuka, na daktari akaandika kwamba jicho lilibaki lilivyokuwa.

Mwezi uliofuata simu ilitetema juu ya meza ya cherehani. Fundi alikuwa amebana pini mdomoni. Mama mkwe aliichukua simu, akaisogeza karibu na jicho la kulia, akasoma polepole, neno kwa neno.

"Miadi yako ni Jumanne, saa tatu asubuhi."

"Bonyeza moja," fundi alisema bila kuzitoa pini.

"Nimeshabonyeza."